Kuku Wangu na Miguu ya Bedan

Wanawake wa kanisa letu hapa Ruiru wanaicheka sana habari hii, na wanaisimulia vibaya. Wengine wanasema nilimlisha mume wangu chakula cha kuku. Mimi ndiye Wakonyo, mwenye kuku na mwenye mume, kwa hivyo nisikilizeni mimi.

Bedan ni fundi wa nguo. Ana kibanda karibu na stesheni, na cherehani ya kukanyaga ambayo alikataa kuiacha hata Kui, binti yetu, alipotaka kumnunulia ya umeme. Mwaka jana mwezi wa tatu alikohoa mpaka akakonda, nikampeleka kliniki ya kifua kule Thika, wakampata na TB. Akaanzishiwa dawa za miezi sita: vidonge vikubwa vyekundu, na pembeni kimoja kidogo walichosema ni vitamini. Mwezi wa pili haujaisha, kikohozi kikakatika. Akaanza kula mpaka nikawa naficha sufuria. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo?

Siku hizohizo kuku wangu wakalemaa. Ninafuga wa kienyeji kumi na wanne nyuma ya nyumba, na wale wachanga walianza kukaa chini mchana kutwa, vidole vimejikunja. Nzau, mwenye duka la dawa za mifugo, akatuambia wamekosa vitamini. Nikasema nitapitia dukani kwake Jumamosi. Jumamosi ikafika, kuku wanasimama. Wiki iliyofuata wanakimbizana. Kwenye chama chetu cha akina mama nikajisifu kwamba ni sukuma wiki yangu ya shambani iliyowaponya, na wanawake wawili wakaniomba mbegu.

Mwezi wa nne wa dawa, Bedan akaanza kuweka miguu kwenye saruji baridi. Nilimuuliza, akasema inawaka. Baadaye akasema haiwaki tena. Hakuniambia kwamba haiwaki kwa sababu haisikii chochote. Kibandani nako mambo yalienda kombo. Cherehani ya kukanyaga ukiikosea mguu, gurudumu linarudi nyuma na uzi unajisokota chini ya kitambaa. Bedan, aliyeshona miaka thelathini bila kuangalia chini, akaharibu suruali tatu za shule kwa wiki moja. Akalaumu uzi. Akabadilisha uzi, akalaumu sindano. Mimi nilidhani ni uzee, na nilimtania kwa hilo. Bado linaniuma.

Kilichotutoa nyumbani ni jiko. Julai ya Ruiru mnaijua, baridi inaingia mpaka kwenye chai. Nilikuwa nakatakata vitunguu, Bedan ameketi karibu na jiko la makaa anasoma gazeti. Nikasikia harufu. Nikageuka, soksi inatoa moshi, mguu umeegemea jiko, na mwenye mguu anafungua ukurasa wa michezo.

"Bedan! Unaungua!"

"Nani?" akauliza.

Nilimwagia maji ya kuoshea vyombo. Tulipoivua ile soksi, malengelenge yalikuwa yameshaumuka, naye anayatazama kana kwamba ni ya jirani. Hapo ndipo nilipoogopa.

Asubuhi tukaenda Thika. Kwenye kliniki tulipokelewa na daktari mmoja kijana anaitwa Kamene, msichana wa Kikamba, mpole lakini hapitwi na kitu. Alisafisha kidonda, kisha akamwambia Bedan afunge macho.

"Mzee, nikikugusa useme ni kidole gani."

"Kikubwa," akasema Bedan.

"Sijagusa, mzee." Pamba ilikuwa bado mkononi mwake, juu hewani.

Bedan akacheka. Kamene hakucheka. Akagonga kichuma chenye meno mawili kikalia, akakiweka kwenye kifundo cha mguu. "Inatetemeka?"

"Nini inatetemeka?"

Akajaribu mguu wa pili, ikawa vilevile. Akaketi akatuangalia sote wawili. "Mnakaa Ruiru, si ndio? Maji ikipungua kwa laini, nani anakosa kwanza?"

"Nyumba ya mwisho," nikasema, kwa sababu hiyo nyumba ni yetu.

"Basi miguu ndio nyumba ya mwisho. Neva za kufika huko ndio ndefu kushinda zote, kwa hivyo zikiharibika, vidole ndio hukosa kwanza. Na huwa ni miguu yote miwili pamoja, inapanda pole pole kama mtu anavaa soksi. Ikiachwa inafika magoti. Halafu inaanza mikono."

Bedan akaiangalia mikono yake. Mimi nimelala na fundi huyu miaka thelathini na miwili, nilijua anachokiona.

"Shida ni hii," Kamene akaendelea. "Dawa yako moja ya TB humaliza vitamini fulani mwilini, na bila hiyo neva zinaumia. Ndio maana tunakupea kile kidonge kidogo. Unakimeza?"

"Ndio."

"Kila siku?"

"Kila siku, daktari."

Akafungua faili. Sukari alipimwa, hana. Virusi hana. Pombe haonji, ni shemasi. Kamene akaweka kalamu chini. "Kama unakimeza na bado imefika hapa, hiyo dawa lazima niisimamishe kwanza, nikutume hospitali kubwa wapime neva na watafute kitu ingine."

"Na TB?" nikauliza. "Si itarudi?"

"Hata mimi hiyo ndio naogopa, mama."

Nilimgeukia Bedan. Mume wangu akidanganya huwa anapima. Vidole vyake vilikuwa vinatembea kwenye goti, shubiri moja, shubiri mbili, kana kwamba amepewa kitambaa.

"Baba Kui," nikasema. "Wacha kupima hiyo goti."

Vidole vikasimama.

"Daktari," akasema kwa sauti ndogo, "hicho kidogo nilikuwa nasagia kuku."

"Kuku gani?"

"Wa huyu mama."

Ngai! Natamani mngeuona uso wa yule msichana. Mimi wangu sikuuona, lakini nilihisi joto lake.

"Nilidhani ni ya kuongeza tu," Bedan akasema. "Dawa ni zile kubwa. Mimi nakula, mayai nakula. Na hao kuku walikuwa wamelala chini, na huyu alikuwa analia huko jikoni. Nikaona heri niwatilie kwa maji. Walipoamka nikaogopa kuwacha."

Nilikuwa nimelia kweli siku ile, nikiwa nimeipa sebule mgongo, na nilidhani hakuna aliyeniona.

Kamene alifunika mdomo kwa faili mpaka alipoweza kuongea. "Sijui kama ni hiyo iliinua kuku, mzee. Lakini najua ni nini iliangusha wewe."

Dawa za TB hazikusimamishwa. Alimpa vitamini ileile kwa kipimo kikubwa zaidi, na masharti: asikaribie jiko, maji ya kuoga niyapime mimi kwa kiwiko, asitembee peku, nyayo zikaguliwe kila jioni. Neva hukua polepole sana, alituonya, na huenda nyingine zisirudi. Nimjaribu jioni kwa uzi, macho yake yakiwa yamefungwa, tuone hatua tuliyofika.

Tulirudi Ruiru kwa treni. Nilikuwa na hasira ya kutosha kufua mapazia ya nyumba nzima, na nilipofika niliyafua. Nilipoanika la mwisho nikamwambia, "Ungeniambia."

"Ungenikataza."

"Ndiyo! Ningekukataza!"

Tangu siku hiyo kile kidonge nilikiweka mwenyewe kwenye ulimi wake, nikasubiri ameze, nikamwambia afungue mdomo nione. Mchana nilienda kukaa naye kibandani, macho kwenye gurudumu. Likianza kurudi nyuma nasema "nyuma," naye anasimama. Tulishona hivyo suruali za shule, yeye mikono, mimi macho, tukibishana siku nzima, na nitakiri kwamba hiyo ilikuwa miezi mitamu. Sikujua mume wangu huimba akipinda mfuko.

Jioni ndipo aliponichokesha. Ukimgusa kidole kidogo, "kikubwa." Ukigusa kisigino, "kikubwa." Nikagusa kiti, akasema kikubwa, kwa kunionea huruma. Nikamwambia kama ni huruma, amalizie kuku.

Mwezi wa tisa makohozi yalipimwa yakawa safi, TB ikaisha. Vitamini tuliambiwa aendelee nayo. Mwezi wa kumi miguu ikaanza kuwaka upya, akalalamika usiku na mchana, nikampigia Kamene nikiwa na wasiwasi. "Hiyo ni nzuri, mama," akasema. "Zinaamka." Kikubwa kikawa kikubwa kweli, kisha kilichofuata. Lakini kile cha mwisho cha mguu wa kushoto kilibaki kimya, na kufikia Desemba nilikuwa nimeshakisamehe.

Jumapili moja baada ya ibada tuliketi nje, suruali yake imekunjwa, macho amefumba. Sikuwa na uzi karibu. Nikanyoosha kidole changu, nikagusa kile cha mwisho, nikijua atakachosema.

Uso ukamkunjamana.

"Kidogo," akasema. "Cha kushoto. Na huo si uzi, mama, ni ukucha wako, tena umevunjika kando. Unanikwaruza."

Niliutazama ukucha wangu. Ulikuwa umevunjika kando. Machozi yakanitoka, mara hii nikiwa nimemwelekea, na sikuyafuta. Nikamkwaruza tena, polepole, naye akalalamika tena.