Jicho la Mpika Peda

Asubuhi Manharbhai Kansagara alipoletwa hospitali, uso wake ulikuwa umeumuka upande mmoja kama andazi, na yeye akashikilia kwamba tatizo ni jino. Daktari wa meno wa mtaani kwao alikwisha kumng'oa mawili, yote mazima, na bado shavu lilikuwa na ganzi na pua imeziba.

Krupali Dhaduk, daktari kijana aliyekuwa akisomea ubingwa wa masikio, pua na koo hapo Rajkot, alimmulika puani. Ndani aliona gamba jeusi, kama masizi ya sufuria. Alikwangua kipande akakimbia nacho maabara mwenyewe. Kwenye hadubini zikaonekana nyuzi pana kama utepe, zimejikunjakunja ovyo. Ilikuwa fangasi, jamaa ya ule ukungu wa mkate, inayostawi kwa watu ambao sukari yao imepanda, na ikishaingia puani haikawii kulifuata jicho, na baada ya jicho ubongo.

"Baba, una kisukari?"

"Sina."

"Kipimo kinasema mia nne na kumi na mbili."

"Kipimo chenu kibovu. Mimi napika vitamu, peda za maziwa na sukari, mwaka wa thelathini na sita huu, na sili peda. Naonja tu."

"Unaonja ngapi kwa siku?"

Manharbhai akatazama dari. Aliyejibu ni mkewe, Labhuben. "Kilo moja kasoro, Daktari. Sikukuu sizitaji."

Siku hiyohiyo walimpasua wakaondoa nyama yote iliyokufa. Kisha akawekewa dripu ya dawa ya manjano, ambayo kila siku ilimtetemesha mpaka kitanda kikalia. Krupali akamweleza polepole: fangasi hii inapigwa kwa kisu, kwa dawa na kwa kushusha sukari, na kimoja kikikosekana jicho linakwenda. Manharbhai akaitikia kila neno kwa adabu ya mtu asiyesikiliza.

Siku ya nne sukari ilikuwa mia tatu na tisini, pamoja na sindano zote za insulini. Profesa wake Krupali akasema ikiendelea hivi, Ijumaa watalitoa jicho. Krupali akarudi wodini kichwa kinamzunguka, na hapo ndipo alipowaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga safu moja, wanapanda mguu wa kitanda, wanapita shuka, wanaingia chini ya mto. Akauinua mto. Peda kumi na nane.

"Hizi nini?"

"Za hekaluni. Wageni wameniletea. Zimebarikiwa, Daktari, cha hekaluni hakihesabiwi."

"Damu yako inahesabu, baba. Jicho litatolewa."

"Ninalo jingine."

Krupali alitamani kumzaba kofi, na sitamlaumu. Labhuben naye alikuwa amekwisha kumfokea mpaka sauti ikakauka. Mama wa watu alikuwa ameweka nadhiri kwa Mama Khodiyar, mungu wao wa kike, kwamba hatagusa chai mpaka jicho la mumewe lipone, na kwa kukosa chai kichwa kilimgonga hivi kwamba wodi nzima ilimwogopa.

"Huyu mtu," akamwambia Krupali, "alitembea peku mwaka mzima ili nyati wa maziwa wa jirani ashike mimba. Nyati! Leo jicho lake mwenyewe, hawezi kuacha peda."

"Nyati alizaa," akasema Manharbhai kwa fahari. "Nadhiri ni ya kumwombea mwenzio. Kujiombea mwenyewe ni uroho."

Krupali akavuta kiti, akaketi karibu.

"Baba, mimi nina mtihani. Wa mwisho kabisa. Mwaka jana nilifeli."

Jicho zima la Manharbhai likalegea kwa huruma, na lile lililovimba likajitahidi. "Masikini mwanangu. Na wazazi wako wanajua?"

"Mama hajanyamaza tangu siku ile. Nikifeli tena sijui nitaficha wapi uso."

Alichosema kilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana kilimwingia. Mzee akatazama peda, akamtazama binti, akameza mate.

"Hata kuonja?"

"Hata kuonja."

"Mpaka ufaulu?"

"Mpaka nifaulu."

Akashika masikio yake mawili, akamtaja Mama Khodiyar, akaapa. Kesho yake sukari ilikuwa mia mbili, keshokutwa mia na arobaini. Ijumaa walipochungulia tena puani, nyama ilikuwa ya waridi, safi, na Labhuben akanywa vikombe vinne vya chai mfululizo bila kuongea na mtu. Manharbhai akaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya miezi mitatu. Dukani akawa anapima kama peda zimeiva bila kuonja, kwa kidole gumba na kwa kuusikiliza mlio wa karai, huku akilalamika kwa wateja kwamba kuna daktari mmoja hapa mjini anamtesa.

Matokeo ya mtihani yalitoka miezi miwili baadaye, siku ya Manharbhai ya kliniki. Krupali alikuwa amefaulu, tena vizuri, na alishuka ngazi anatembea kama anacheza. Manharbhai alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Magotini ameweka boksi la peda, kifuniko kimefunguliwa, vidole vimeshaelea juu yake, na macho yake yote mawili, mazima, yanamwangalia.

"Enhe, mwanangu?"

Vidonge vilikuwa vimebaki vya mwezi mzima. Kisukari, cha maisha yote. Krupali akaliangalia boksi.

"Nimefeli, baba."

Foleni nzima ikaguna kwa masikitiko. Shobhna, muuguzi aliyekuwa ameiona orodha ubaoni, akafumbua mdomo, akakanyagwa mguu na Krupali, akafumba mdomo. Labhuben akalia waziwazi. Bibi mmoja mwenye bandeji sikioni, anayekaa mtaa mmoja na mama yake Krupali, akatoa simu.

Manharbhai akalifunika boksi kwa uchungu. Akageukia watu.

"Msimdharau. Kutibu anajua sana, mitihani tu ndiyo inamshinda." Kisha akamwinamia. "Unarudia lini?"

"Baada ya miezi sita."

"Na ukifeli tena?"

Krupali akayatazama yale macho mawili.

"Mimi, baba," akasema, "nina kichwa kigumu sana."