Dorkasi Hana Karatasi

Chumba cha nyaraka za ukoo mjini Tarrow, North Carolina, hufunguliwa Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, na masharti yake yanajulikana. Mkoba unaachwa mlangoni. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Kahawa inabaki kwenye gari. Ndani kuna ubaridi wa kumvalisha mtu sweta mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, maana karatasi hupenda baridi, na mle karatasi ndiyo mwenye nyumba.

Verlene Tisdale, dereva mstaafu wa basi la shule, alikuwa amekwenda pale mara nyingi mpaka akawa na kiti chake. Mama yake, Mozelle, alikuwa na miaka tisini na moja, na moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Mozelle alitaka kitu kimoja tu: azikwe chini ya misonobari iliyo nyuma ya makaburi ya ukoo wa Averett, kando ya jiwe la Dorkasi, mama wa bibi yake. Alipokuwa mtoto, bibi yake alimpeleka pale kila kiangazi na ufagio, wakafagia mchanga kulizunguka lile jiwe. Kulikuwa na makaburi mapya kando ya barabara kuu, jirani na duka la magodoro, lakini Mozelle alisema hawezi kulala na watu asiowajua. Hilo alilihofia kuliko kifo chenyewe.

Ardhi ile ni ya Chama cha Wazao wa Waanzilishi, na chama kina kanuni: anayetaka kuzikwa pale aonyeshe kwa karatasi kwamba ni mzao wa mtu aliyezikwa pale. Kwa kina Averett si kazi. Majina yao yamechongwa kwenye mawe, na karatasi zao zimejaza rafu za chumba kizima. Mawe ya chini ya misonobari hayana hata herufi moja. Dorkasi alizaliwa akiwa mali ya watu, na mali haipewi cheti cha kuzaliwa.

"Bi Tisdale, mimi nakuamini kabisa," alisema Lucinda Averett, mtunza nyaraka, mama wa makamo ya juu, mpole, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. "Ila kamati ya chama haifanyi kazi kwa kuamini. Niletee chochote kinachomhusu huyo Dorkasi. Chochote kile."

Alasiri hiyo Verlene akaenda misonobarini, angalau apige picha ya jiwe. Alimkuta Dorkasi amelikalia, anapangusa mchanga miguuni. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, amejifunga kitambaa cheupe kichwani, na alikuwa amekufa tangu mwaka 1899.

"Umekawia," alisema Dorkasi. "Nasikia mnataka kumpeleka kitukuu changu kwenye magodoro. Hebu twende."

"Bibi, funga mkanda," Verlene alimwambia walipoingia garini.

"Wa nini? Nitakufa?"

Hata hivyo aliufunga, kwa kuwa gari lilikuwa linapiga kelele.

Alhamisi iliyofuata Lucinda aliwapokea vizuri. Alimpa Dorkasi kitabu cha wageni, Dorkasi akaweka alama ya msalaba, wakakaa. "Karibu, Dorkasi," alisema Lucinda. Huku kwetu mtu mzima huitwa Bi au Bwana, hata ukiwa humpendi. Dorkasi, aliyemzidi Lucinda umri kwa zaidi ya karne nzima, aliitwa jina tupu, na hakuna aliyegutuka, hata mwenyewe.

"Nilimzaa Cora," alisema Dorkasi. "Cora akamzaa Lutie. Lutie akamzaa Mozelle. Mozelle akamzaa huyu hapa mwenye kiherehere. Nimezikwa misonobarini. Mvua ilinyesha, wakanizika haraka haraka. Kuna lingine?"

Lucinda aliandika yote kwa penseli, neno kwa neno. Kisha alieleza kwamba kamati haipokei ushahidi wa mdomo, hasa wa mtu mwenye maslahi katika jambo lenyewe. Halafu akakunja uso, kwa sababu alikuwa ameona tatizo lingine.

"Kanuni inasema mtu *aliyezikwa* pale," alisema. "Dorkasi hajazikwa. Amekaa hapa."

"Basi arudi akalale," alisema Verlene.

"Akirudi, Bi Tisdale, tutakuwa hatuna shahidi."

Aliyasema hayo kwa huzuni ya kweli. Lucinda si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Verlene. Mtu mbaya unaweza kumgombeza, ukaenda zako umepoa.

Wakati wanafikiri, Dorkasi alikuwa anatazama picha moja ya zamani iliyokuwa mezani. "Huyu si Thomas," alisema. "Mmeandika Thomas. Huyu ni Edwin. Thomas alichukua pua ya mama yake, maskini."

Lucinda akavuta kiti karibu. Picha za kina Averett zilikuwa chungu nzima, na nusu yake hakuna aliye hai anayejua ni za nani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lucinda hakungoja hiyo ya tatu. Mpaka saa ya kufunga walikuwa wamemaliza sanduku zima. Dorkasi hakuhitaji hata glavu, kwa kuwa vidole vyake havikutoa jasho, na Lucinda alifurahi sana kwa hilo. Kila jina alilolitaja liliandikwa nyuma ya picha siku ileile.

"Kumbe maneno yake yanatosha," alisema Verlene.

"Hizi ni picha tu, Bi Tisdale," alijibu Lucinda. "Yale ni mambo ya kamati."

Verlene aliendesha gari kurudi nyumbani huku amekasirika. Dorkasi, kando yake, alikuwa anasoma rangi za taa za barabarani kwa sauti.

Nyumbani, Mozelle alikuwa kitandani. Alimwangalia mgeni kuanzia kitambaa hadi nyayo.

"Ndiyo wewe? Nilidhani u mrefu."

"Nilikuwa mrefu. Ulalie udongo wewe miaka yote hiyo, tuone." Dorkasi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Jikoni kulikuwa kunachemka sukumawiki na mguu wa nguruwe, na ingawa hakuweza tena kula, alinusa kwa raha.

"Chama kimesemaje?" aliuliza Mozelle.

"Kimesema mimi sipo kule."

Mozelle akalia. Alilia bila aibu, kama mtoto aliyeachwa dukani, na Verlene alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Alikuwa amemwahidi mama yake jambo lile, na ameshindwa.

"Nyamaza, mke mwenzangu," alisema Dorkasi. "Kwani hukusikia? Sipo kule. Kitanda changu kitupu. Kalale wewe."

"Na wewe je?"

"Mimi nina kazi. Huyo binti wa Averett ana masanduku mpaka darini."

Mozelle alifariki mwezi wa kumi, siku ya Ijumaa, amelala. Jumapili, saa ambayo mji mzima huwa kanisani, Verlene, binamu zake na mchungaji mmoja aliyekubali kuchelewa ibada yake walimpeleka misonobarini. Hawakuwa na kazi ya kuchimba. Kaburi la Dorkasi lilikuwa wazi, safi, kuta zake zimenyooka. Walimshusha, wakaimba beti mbili kwa sauti ya chini, wakafukia. Dorkasi alifagia mwenyewe. Verlene alilia sana, na alipomaliza alisikia njaa, jambo ambalo halikuwa limempata kwa wiki nzima.

Jumanne Lucinda aliuona udongo mbichi. Alikwenda kuangalia kwenye kumbukumbu za chama, hakukuta ombi, hakukuta kibali, hakukuta kaburi.

"Kwa hiyo hakuna kilichotokea," alimwambia Verlene, akampigapiga mkono taratibu. "Ili mradi tu hakuna atakayeliandika. Likiandikwa, kamati itabidi ifukue. Unanielewa?"

Verlene alielewa. Hakujua amshukuru au amzabe kibao, akaishia kuuliza kama Dorkasi anaweza kupewa kiti chenye mto.

Kiti kilipatikana. Dorkasi sasa yuko pale kila Jumanne na Alhamisi, na siku nyingine pia, maana hana pa kwenda. Wakati wa kufunga Lucinda huzima taa, humtakia usiku mwema, na Dorkasi hubaki kati ya rafu. Amepewa kadi ya kuvaa kifuani, imeandikwa kwamba anajitolea. Watu huja kutoka Atlanta na Richmond kuuliza habari za mababu zao, na wakiwa ni wa kina Averett huondoka na majibu. Verlene humpelekea maua ya msimu, na wakati mwingine bakuli la sukumawiki anuse.

Majira ya baridi yalipokaribia kwisha, masanduku nayo yakaanza kupungua. Alasiri moja, Verlene akiwa amekuja kumtembelea, Dorkasi aliweka picha chini.

"Binti," alimwambia Lucinda, "nikishakumalizia hizi, nitalala wapi? Nimechoka."

Lucinda alivua miwani na kulifikiria swali lile kwa haki, kama anavyoyafikiria yote.

"Unaweza kuomba pale misonobarini, kama mtu mwingine yeyote," alisema. "Kanuni haimbagui mtu. Utuambie tu ni ndugu yako gani aliyezikwa pale, nami nitaandika."

Penseli ilikuwa tayari mkononi mwake. Dorkasi alimtazama Verlene, na Verlene akatikisa kichwa kidogo sana, machozi yamemjaa, kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya.

"Sina mtu pale," alisema Dorkasi.

Lucinda akaandika hivyo, kisha akamsogezea sanduku linalofuata.