Kiti cha Mzee Ngubane

"Shemeji, atapeperuka huyo!" Bhekumuzi alifoka, akipiga boneti ya pikapu yake kuukuu. "Gari la Sandiso halina hata paa!"

"Koma! Maisha yake yote umempakia nyuma na mbuzi," MaKhoza alimjibu. "Leo mume wangu atakalia kiti cha ngozi."

Basi pale hospitalini alikofia mzee, mwanawe Sandiso akalichukua tawi la mlahlankosi, linalorudisha roho nyumbani, akaliketisha kando yake ndani ya gari lake jekundu la mbio. Pikapu ikamfuata, MaKhoza kando ya Bhekumuzi. MaKhoza akatoa macho: katika upepo wote ule, hakuna jani lililotikisika.

Kwenye kilima cha kwao, gari jekundu likakwaruza tumbo, likagoma. Sandiso, asiyeruhusiwa njiani kusema na yeyote ila marehemu, akaliinamia tawi.

"Baba, tunahamia pikapu ya baba mdogo."

Akapanda nalo nyuma, penye harufu ya mbuzi.

Pikapu ikajikokota kupanda. Hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. MaKhoza akageuka, akachungulia kupitia kioo cha nyuma.

Majani yote yalikuwa yakicheza.