Sukari ya Kaya Nane

Nilikuwa nimechoka. Naanza na hilo si kwa kujitetea, ila kwa sababu ndilo ninalolikumbuka zaidi kuhusu siku ile ya Januari, mwaka 1982. Niliamka nimechoka, kama nilivyoamka kila siku tangu mume wangu Josephati aajiriwe ulinzi wa hifadhi, akaniachia ng'ombe wawili, watoto wanne na mama yake.

Mama yake aliitwa Katarina. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akiona mwanga na vivuli tu, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Alikaa jikoni kwangu juu ya kigoda tangu asubuhi hadi jioni, kazi yake kunisahihisha. Ugali haujaiva, Mama Martini. Chumvi umeweka mara mbili. Hizo kuni mbichi, zitakutoa machozi bure. Ubaya wa mama mkwe wangu ni kwamba mara nyingi alikuwa anasema kweli. Miaka kumi na moja ya kuambiwa kweli na mtu aliyekaa inachosha kuliko kulima.

Tuliishi juu, chini ya msitu wa Oldeani, ambako hata Januari asubuhi hutoki bila sweta. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na shamba lililoachwa na Wajerumani, na ndani yake miti thelathini hivi ya plamu ambayo kijiji kiliirithi bila kujua la kuifanyia. Watoto walikula mpaka matumbo yakawachafuka, nguruwe wakala, zilizobaki zikaoza chini na kuita nyuki. Katarina peke yake ndiye aliyejua matumizi yake. Alifanya kazi miaka tisa katika jiko la mama wa Kijerumani aliyekuwa mwenye shamba lile, na jamu yake ilijulikana mpaka misheni. Padre akipata wageni, alituma mtu kwa Katarina. Kina mama wenzake walisifiwa kwa ng'ombe au kwa watoto waliosoma. Yeye ng'ombe wake walikufa na mtoto alikuwa naye mmoja tu, huyo Josephati wangu asiyeandika barua. Alisifiwa kwa jamu.

Mwaka ule tulikuwa na kikundi cha akina mama, kaya nane. Novemba akaja Senteu, mpishi wa hoteli moja kule ukingoni mwa kreta, akatuambia wageni wao wanakula mkate mkavu kwa sababu jamu haipatikani Arusha wala popote. Akasema hoteli ina njia yake ya kupata sukari na sabuni. Tukipika jamu ya plamu, kila kilo moja ya sukari tutakayoitia itarudi kilo mbili, na juu yake kila kaya itapata katoni ya sabuni.

Aliyekuwa mkubwa miaka ile haniulizi sabuni ina maana gani. Tulikuwa tunafulia majivu. Sukari ilikuja duka la kijiji kwa mgawo, kilo moja kwa kaya kwa mwezi, na mwezi mwingine ilikuja habari yake tu. Tulikubaliana kila kaya itoe mgawo wake mzima. Mama Hhando, jirani yangu wa upande wa bonde, alileta wa kwake umefungwa kwenye pindo la kanga. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hii ni chai ya wanangu, Mama Martini," alisema. "Wamelia tangu jana. Nimewaambia wanywe kavu, mwezi wa pili watakunywa tamu."

Kilo nane. Nilizihifadhi chumbani kwangu ndani ya debe lenye mfuniko, na nilikuwa nikiligusa kabla ya kulala.

Sasa, kwa nini zihifadhiwe kwangu na si kwa Katarina? Kwa sababu mimi nilikuwa na cheti. Kikundi kilitakiwa kutuma mtu mmoja Dar es Salaam kwenye mafunzo ya wiki mbili ya kuhifadhi matunda, na wenzangu walinichagua kwa kuwa nilimaliza darasa la saba. Nilirudi na karatasi yenye muhuri na kipimajoto cha kioo ndani ya mrija wa bati. Mwalimu wetu alituandikia ubaoni kwamba jamu ikifika nyuzi mia moja na tano imeiva. Niliinakili kwenye daftari nikaipigia mistari miwili. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilijua kitu kuhusu jiko ambacho mama mkwe wangu hakukijua.

Siku ya kupika, niliamka kabla ya jogoo, nikakamua, nikawapeleka watoto shule, nikamaliza kutoa kokwa za ndoo nzima ya plamu. Vidole vilikuwa vyeusi na vinawasha. Niliazima sufuria kubwa ya harusi parokiani, nikaiweka juu ya mafiga. Katarina alisikia mlio wake ilipokaa.

"Utapika zote pamoja?"

"Zote, mama."

"Gawa. Pika nusu, halafu nusu. Jamu nyingi inakuzidi nguvu."

"Nikigawa nitamaliza jioni, na bado sijachota maji."

Nilijua ana haki hapo pia, lakini mgongo ulikuwa unaniuma na kuni zilikuwa chache. Nilimimina sukari yote. Ilishuka kama mchanga mweupe, nami nikaona moyo wangu ukienda nayo, kisha nikaanza kukoroga.

Kwa saa nzima mambo yalikwenda vizuri. Jamu ilipanda povu, nikaliengua. Rangi ikawa nzuri, nyekundu inayoelekea weusi. Nilishika mwiko kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nilikichovya kipimajoto, nikisoma, nikikitoa, nikikifuta. Katarina alikuwa ameinamisha kichwa upande wa sufuria. Ndivyo alivyopika siku zote, hata macho yake yalipokuwa mazima. Jamu changa inachemka kwa haraka na makelele, alikuwa akisema. Ikiiva inapunguza mwendo, mapovu yanakuwa mazito, yanapasuka moja moja.

"Ipua," alisema.

"Bado, mama. Ni tisini na saba."

"Tisini na saba ya nini?"

"Joto. Inatakiwa mia na tano."

"Sijakuuliza joto. Nimekuambia imeiva. Lete sahani, dondoshea tone, lipoe, ulisukume kwa kidole. Likijikunja juu, imeiva."

Sahani ilikuwa rafuni, hatua tatu. Sikuileta. Mtu akiniuliza kwa nini, nitasema uchovu, na ni kweli, lakini si kweli yote. Nilifurahi. Naona aibu kuliandika, lakini nilifurahi kwamba kulikuwa na namba kwenye kioo ambayo yeye hakuweza kuiona, na kwamba namba ile ilikuwa upande wangu.

"Kule Dar es Salaam hawatumii sahani, mama," nilimwambia.

Nilisukuma kuni ndani. Tisini na nane. Tisini na tisa. Ilipanda polepole mno, nami nikazidisha moto kwa sababu nilidhani kuni ndizo dhaifu. Mwiko ukawa mzito. Tone likanirukia mkononi likanibabua, nikavumilia. Katarina alisimama. Hakuwa na kawaida ya kusimama bila kushikwa.

"Cresensia," aliita. Hakuwahi kuniita jina langu. "Mwanangu, ipua. Nakuomba."

"Mia moja na mbili, mama! Bado kidogo tu!"

Nilimkemea. Mama mkwe wangu, mtu mzima, amesimama akinyoosha mikono mbele kuutafuta moto. Kisha nikasikia harufu. Nilikoroga kwa nguvu mpaka chini, na kutoka chini vikaja vipande vyeusi, vingi, vikazunguka juu ya ile rangi nzuri. Niliishika sufuria kwa matambara nikaivuta nje ya mafiga peke yangu, sijui kwa nguvu gani. Ikaendelea kuchemka hata chini. Nilionja. Ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Ilipoanza kupoa, mwiko ukasimama wenyewe katikati, na sikuweza kuuchomoa.

Nilikaa sakafuni. Sikulia. Nilikuwa nimechoka hata machozi hayakuona haja ya kutoka. Nilichokiona mbele yangu ni mikono miwili ya Mama Hhando na lile pindo la kanga.

Walikuja saa tisa, wote saba, na chupa tupu ambazo Senteu alizileta kutoka hotelini. Walikuwa wakicheka njiani, niliwasikia tangu mtoni. Walipofika mlangoni harufu iliwakuta, wakanyamaza. Mama Hhando aliingia wa kwanza, akainama juu ya sufuria, akaugusa mwiko. Akanigeukia.

"Nini hii?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nataka kusema. Nilikuwa nikitafuta neno la kuanzia.

"Ni mimi," alisema Katarina kutoka kwenye kigoda. "Yeye alitaka kuipua mapema. Nikamwambia bado, aiache. Nikamng'ang'aniza. Mnanijua nilivyo."

Mama Hhando alimtazama, akanitazama. Kipimajoto kilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu.

"Bibi," alisema, "ilikuwa kilo nane."

"Najua. Masikio yameharibika kama macho. Nisameheni, wanangu."

Kwetu mzee akisema nisameheni, hakuna anayeongeza neno. Walimwambia pole. Kila mmoja alikwenda akamshika mkono, kwa adabu, kisha wakaokota chupa zao. Nje ya boma nilimsikia mmoja akisema, "Uzee ni kitu kibaya." Mwingine akasema kosa ni letu kumruhusu mtu asiyeona akae karibu na sukari. Mimi nilikuwa mlangoni. Wangeweza kunisikia hata ningesema kwa sauti ya chini.

Nilinyamaza.

Walipokwenda nilimuuliza kwa nini. Alikuwa akipapasa ukuta akitafuta fimbo yake.

"Mimi watanifanya nini?" alisema. "Wewe una watoto wa kuazimia chumvi nyumba kwa nyumba miaka ishirini ijayo. Nipeleke nikalale."

Baadaye nilimuuliza mwalimu Tajewo, aliyefundisha sayansi shuleni kwa wanangu. Sikumwambia naulizia nini. Akanieleza kwamba huku kwetu juu maji yanachemka mapema, hayasubiri kufika mia kama kule pwani. Nilirudi nikaweka maji motoni, nikachovya kipimajoto. Yalikuwa yakitokota kwa fujo, na kioo kinasema tisini na mbili, nyuzi nane pungufu. Kumbe ile tisini na saba ndiyo ilikuwa mia na tano yetu. Nilikirudisha kwenye mrija wake, nikaufukia nyuma ya zizi. Habari ile sikumpa mtu.

Na tangu siku ile hakuna aliyemwita Katarina. Padre alipata wageni wakati wa Pasaka, hakutuma mtu. Zamani kukiwa na harusi walimchukua na kumkalisha karibu na vyungu ili aseme chakula kimefika wapi. Sasa walimkalisha chini ya turubai pamoja na vikongwe wengine na kumletea sahani. Watoto wa Mama Hhando walikuwa na jina lao kwa ajili yake, Bibi Mkaa. Hakuwahi kulalamika. Hata mimi aliacha kunisahihisha. Niliweka chumvi mara mbili, akala. Nilikuwa nimeomba kimya kile kwa miaka kumi na moja, na nilipokipata sikuweza kukaa nacho ndani ya jiko moja.

Msimu uliofuata Senteu alirudi. Wenzangu walisitasita, wakakubali kwa mara ya mwisho, kilo nane tena. Mama Hhando alinikabidhi yake kwa mkono mmoja.

"Sharti moja tu," alisema. "Bibi asikae jikoni."

Ningeweza kusema pale. Nilikuwa na mwaka mzima wa kujiandaa. Nilisema, "Sawa."

Asubuhi ya kupika, kina mama wote saba wakiwa wamekuja kusimamia sukari yao, nilikibeba kigoda kwa mkono wangu mwenyewe, nikakiweka nje kwenye jua, kisha nikarudi kumshika Katarina kiwiko. Hakuuliza tunakwenda wapi. Alikaa, akanyoosha gauni lake juu ya magoti.

Nilipika nusu, halafu nusu. Nilisikiliza. Mapovu yalipoanza kupasuka moja moja, niliomba sahani, nikadondosha tone, likapoa, nikalisukuma kwa kidole likajikunja. Niliipua. Ilikuwa nyekundu, laini, haijashika chini hata kidogo. Kina mama walipiga vigelegele. Mmoja alisema serikali haikupoteza nauli kunipeleka Dar es Salaam. Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Mama Hhando alilamba mwiko, akafumba macho kwa utamu. Akatoa kichwa nje ya dirisha.

"Bibi!" aliita. "Umeona jamu inavyopikwa?"

Jiko zima lilitulia kusikiliza atajibu nini, na mimi chupa mkononi.

"Amepika vizuri sana, mwanangu," Katarina alisema.

Nikaendelea kujaza chupa.