Neno la Kwanza ni Bure

Saa moja na nusu asubuhi Mwalimu Zaituni alikuwa akichonga muhogo mkavu kwa kisu cha jikoni. Chaki zilikuwa adimu Gitega tangu nchi jirani zifunge mipaka, na muhogo uliokauka vizuri huandika karibu sawa na chaki, ila kufikia saa sita ubao unakuwa na harufu ya ugali na watoto wanashindwa kufikiria kitu kingine. Alichonga vipande sita, akapuliza unga, akafungua daftari la mahudhurio na kuanza kuita majina ya darasa la sita.

Alipofika kwa Nuru Hamissi, sauti iliitika kutoka dawati la tatu, upande wa dirisha.

“Mi niko, mwalimu. Présente.”

Upande ule wa dawati haukuwa na mtu. Nuru mwenyewe alikuwa Muyinga, na hii ilikuwa wiki yake ya tatu huko. Zaituni akaandika P, akaendelea na jina lililofuata.

Kosa lilikuwa lake Zaituni, na hakuwahi kulikana. Katika shule ile, tangu mwaka wa tano, mtoto alipaswa kusema Kifaransa tu kuanzia getini. Aliyenaswa akisema Kirundi au Kiswahili alivishwa shingoni kipande cha ubao chenye kamba, na watu walikiita kibao. Njia ya kukivua ilikuwa moja tu: umnase mwenzako akikosea, umwonyeshe kwa kidole, naye akivae. Zaituni alikivaa utotoni mwake. Alipopewa darasa lake mwenyewe, alikichukua kibao akakisokomeza chini ya mguu mfupi wa meza, na hapo kikafanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza tangu kichongwe.

Kisha akatunga sheria yake. Neno la kwanza ni bure. Ukiulizwa swali, anza na lugha yoyote iliyo karibu na ulimi, halafu darasa zima litakusaidia kulivusha neno hadi kwenye Kifaransa. Bénédicte, binti wa wafanyabiashara waliokimbia kutoka upande wa Bukavu, aliwahi kujibu swali la jiografia kwa Mashi, lugha ya kwao, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na darasa lilitoka jasho mpaka kengele ya mapumziko.

Nuru alikuja kwake akiwa bubu wa hiari. Mwaka wa tano alikivaa kibao kuanzia Oktoba hadi Pasaka, kwa sababu hakutaka kumwonyesha mtu. Baada ya hapo aliona kufunga mdomo ni nafuu. Zaituni hakumuuliza swali mbele ya watu. Alimweka karibu na dirisha, akampa kazi ya kusoma tarehe kila asubuhi, hata kama ni kwa kunong’ona, hata kama anayeambiwa ni dirisha. Wiki ya tano Nuru akasema “lundi,” yaani Jumatatu. Darasa likampigia makofi matatu na la nne wakamrushia, kama ilivyo desturi yao. Kufikia Januari alikuwa anasoma ukurasa mzima bila kukwama.

Shida ikawa nyumbani. Baba yake, Hamissi, alikuwa fundi cherehani, na katika vyumba viwili palikuwa na cherehani mbili, kaka watano na redio. Nuru akamwambia mwalimu kwamba anaogopa sauti itapotelea kule.

“Basi iache hapa darasani,” Zaituni alisema, akiwa anafuta ubao. “Kesho utaikuta.”

Nuru alikuwa mtoto mtiifu. Akaiacha. Tangu siku ile kila asubuhi alikuwa akifika, anainama chini ya dawati kama mtu anayefunga kamba za viatu, na akiinuka anasema bonjour. Jioni aliinama tena. Nyumbani hawakuona tofauti.

Mwezi wa tatu duka lililokabili nyumba ya Hamissi likachomwa moto. Hamissi hakusubiri la pili. Alipakia cherehani, mke na watoto kwenye lori la kwenda Muyinga kwa kaka yake. Siku hizo hakuna aliyetoka Gitega kwa hiari ya miguu yake. Ulitoka kwa karatasi ya ruhusa, ndani ya msafara, askari mbele na askari nyuma, na msafara uliondoka saa kumi na mbili asubuhi bila kumngoja mtu. Shule ilifunguliwa saa moja na nusu. Nuru aliondoka na daftari zake zote, sauti ikabaki chini ya dawati.

Direkta wa shule alikuja kusikiliza kwa masikio yake. Aliita jina, akajibiwa, akavua miwani akaifuta.

“Asiyekuwepo hawezi kusema yupo,” alisema.

“Lakini amesema, Monsieur le Directeur.”

“Alors, andika P,” Direkta alisema baada ya kufikiri. “Lakini kwa penseli.”

Sauti haikusumbua. Ilisoma tarehe, ilifanya hesabu za kichwa, na ilikuwa ya kwanza katika vitenzi. Bénédicte tu ndiye aliyelalamika, kwa kuwa dawati lilikuwa lao wote wawili. “Mwalimu, huyu anajibu mbele yangu kila siku, na hata mukono hanyanyue,” alisema, na ilikuwa haki yake kulalamika.

Wiki ya tatu ndipo dereva wa lori alipoleta barua ya Hamissi. Nuru hasemi, aliandika Hamissi. Si neno, si kilio, hata akijikwaa. Shule ya huku imemweka dawati la mwisho na wale wanaohesabiwa wajinga. Tena mwalimu amesema kila mtoto wa konkuru lazima asome ukurasa kwa sauti siku ya Alhamisi, na asiyesoma jina lake haliendi.

Konkuru ulikuwa mtihani mmoja tu, mwisho wa mwaka wa sita. Ukipita unaingia sekondari. Ukikwama unarudi kwenye jembe au kwenye cherehani, na kwa msichana wa miaka kumi na miwili, katika miaka ile ya vita, ilikuwa mara nyingi ni kuolewa. Zaituni aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama. Alijisikia mwizi.

Siku iliyofuata aliomba karatasi ya ruhusa na kuazima kwa dada yake chupa ya chai, ile yenye maua mekundu, iliyokuwa inashika moto hata siku mbili. Jumanne baada ya masomo aliiweka mdomo wazi chini ya dawati la tatu na kusema, “Nuru, tunaenda.” Chupa ikawa nzito kidogo. Akafunga kifuniko.

Msafara wa Jumatano ulisimama mara nne kabla ya Karuzi na mara mbili baadaye. Migomba ya kando ya barabara ilikuwa imekatwa yote, ili asijifiche mtu, na kwenye vilima nyumba zilikuwa zimesimama bila mabati. Ndani ya lori watu arobaini walikaa magoti kwa magoti. Sauti ilikuwa inagonga kifuniko kila gari liliporuka shimo. Zaituni alikishika kwa kiganja, akaona jinsi joto linavyokuja na kuondoka, kama pumzi.

Kwenye bariyeri ya pili baada ya Karuzi askari kijana aliwashusha wote, akafungua mizigo. Alifungua na chupa.

“Présente!” chupa ikasema.

Askari akaangalia ndani, kisha akamwangalia Zaituni. “Nani huyu?”

“Mwanafunzi wangu.”

“Iko na karte?”

“Ana miaka kumi na miwili. Hajafikia umri wa karte.”

Askari alikubali kwamba sheria ilikuwa hivyo. Lakini hakufunga chupa. Aliinama karibu, akashusha bunduki begani. “We,” alisema, “unajua kitenzi être kwa imparfait?”

“J’étais, tu étais, il était,” sauti ilisema, ikaenda hadi mwisho bila kukosea.

“Mi nilifeli hapo hapo,” askari alisema. “Kwenye konkuru, hapo hapo.” Alizungusha kifuniko taratibu mpaka kikakaza, akamrudishia Zaituni chupa kwa mikono miwili, kisha akaenda kumfokea mwenye mbuzi.

Jioni, uani kwa kaka yake Hamissi, Zaituni alijaribu kummiminia Nuru, lakini hakikutoka kitu. Sauti ilizoea darasa. Nuru alikaa na chupa mapajani mpaka wakati wa kulala. Alikuwa amekonda, na kila alipoangalia kifuniko alitabasamu.

Mwalimu wa Muyinga aliitwa Athumani. Alikuwa amesoma ualimu pamoja na Zaituni, na Alhamisi asubuhi alimpokea vizuri, akamtolea kiti chake mwenyewe. Alikuwa mtu safi, anayewahi, asiyempiga mtoto. Nyuma yake, kwenye msumari, palikuwa na kibao. Kamba yake ilikuwa mpya. Ubao wenyewe ulikuwa umelainika kwa shingo za watoto mpaka unang’aa.

Zaituni alikiona. Alitaka kusema kitu, lakini Athumani alikuwa ameshafungua daftari, na kuita majina ni kuita majina, hakukatizwi. Kule nyuma Nuru aliinama chini ya dawati, akafungua chupa, akanywa. Pembeni yake alikuwa binamu yake Salima, ambaye alimshikia kifuniko.

“Nuru Hamissi.”

Wiki tatu sauti ilikuwa haina mdomo. Ilipoupata ilifurahi, na ilijua sheria moja tu.

“Mi niko, mwalimu!” Nuru alisema kwa nguvu. “Niko hapa!” Halafu, kwa adabu, “Présente.”

Hakuna aliyeshangaa kwamba bubu amesema. Darasa zima liligeukia msumari.

Athumani alisimama, akakitoa kibao, akatembea nacho hadi nyuma, akakivisha. Hakuwa na hasira. “Neno la kwanza ndilo linalohesabiwa,” alimweleza Nuru kwa Kifaransa, na kurudia taratibu ili aelewe. “Na mwenye kibao hasomi mpaka amnase mwingine.”

“Mwachie asome kwanza,” Zaituni alisema. Alikuwa amesimama. “Orodha inaenda leo, Athumani. Kibao atakivaa baadaye, hata mwezi mzima.”

“Collègue, mi nilivaa hii kitu miaka mine,” Athumani alisema kwa Kiswahili, kwa kuwa walimu waliruhusiwa. “Bila hii leo ningekuwa nauza ndizi kule sokoni.”

“Mi pia nilivaa.”

“Bon. Si unaona? Sote wawili tuko walimu.”

Jibu Zaituni alilipata baadaye, ndani ya lori, wakati halina faida tena.

Ni hapo Salima alipoweka mkono kwenye mgongo wa binamu yake na kunong’ona, “Pole, Nuru.”

Pole ni Kiswahili. Dawati zima lilisikia, na la mbele yake pia. Athumani alisikia, masikio yake yalikuwa yamefundishwa miaka mingi. Lakini kanuni ilisema anayenasa ni mwenye kibao, si mwalimu, naye alikuwa mtu wa kanuni.

“Umesikia kitu, Nuru?” aliuliza kwa upole. Kweli alitaka kumsaidia. “Onyesha na kidole tu. Nakuvua, unasoma ukurasa wako, jina linaenda.”

Salima aliangalia meza. Jina lake nalo lilikuwa bado kusomwa, na ukurasa wake alikuwa ameshauandaa, umeshikizwa kwa kipande cha kitambaa. Nuru aliangalia kidole chake mwenyewe juu ya dawati. Zaituni alitaka kidole kile kinyooke. Aliona aibu kwa hilo miaka mingi, lakini pale alitaka, alitaka kwa moyo wote, na alikuwa anasema kimyakimya: onyesha, mwanangu, onyesha, Mungu atasamehe.

Nuru aliinama chini ya dawati. Huko aliweka mdomo kwenye chupa. Alipoinuka kifuniko kilikuwa kimefungwa, na kinywa chake pia.

Athumani alingoja dakika nzima kwa saa yake ya mkononi. Kisha akapiga mstari juu ya jina, kwa rula. Salima alisoma ukurasa wake bila kosa, akilia, na jina lake likaenda. Nuru aliachiwa dawati la nyuma, lile la karibu na mlango, ambalo Athumani mwenyewe alisema lina hewa nzuri. Wakati wa kuagana Nuru alimpa Zaituni chupa kwa mikono miwili. Zaituni alimwambia abaki nayo, hata kama ni nyumbani tu. Nuru alitikisa kichwa, akasukuma chupa kidogo, kuelekea upande wa Gitega.

Msafara haukupatikana hadi Jumatatu. Kwenye bariyeri alikuwepo askari yule yule. Hakufungua mzigo.

“Amepita?” aliuliza.

“Bado.”

Akanyanyua mti, lori likapita.

Orodha ya Gitega ilikwenda na jina la Bénédicte na wenzake thelathini na wanane. Nuru hakuwemo, maana konkuru huandikwa kwa mkono, na kilichokuwa Gitega hakikuwa na mkono. Direkta aliuliza, akajibiwa kwamba hali ni ile ile, akarudisha miwani machoni.

Jumanne Zaituni alichonga muhogo, akapuliza unga, akaita majina. Kibao kilikuwa bado chini ya mguu wa meza, na meza ilisimama sawa.

“Nuru Hamissi.”

“Présente,” sauti ilisema kutoka dawati la tatu.

Zaituni akangoja ile “mi niko,” kalamu ya risasi mkononi. Bénédicte naye alingoja, ameelekeza sikio kwenye mbao. Neno la kwanza ni bure, mwalimu alisema polepole, kwa Kiswahili, ili ieleweke vizuri. Hapa ni bure.

“Présente,” sauti ilirudia.

Akaandika P.