Mwalimu Kosa

Barua ya kumshtaki Mwalimu Kosa niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu wa madaha nilioupata masomo ya jioni. Kisa, daftari la binti yangu: saba mara nane, hamsini na nne! Mimi niliyerudi shule na mtoto mgongoni, leo mwanangu alishwe uongo? Thubutu. Jumatatu asubuhi barua ikatua mezani kwa mwalimu mkuu.

Jioni nilipomsimulia, mtoto akaniangulia kicheko.

"Mama nawe! Anakosea makusudi. Ukimkamata unapewa chaki, unafundisha wewe, mpaka na wewe ukamatwe. Ukikamatwa unasema, 'Ahsante kwa kunikamata.' Sasa wewe umenakili kosa, hukunakili sahihisho."

Binti huyohuyo, mwaka jana akiulizwa jina lake alikuwa anatazama viatu.

Kesho yake nikakimbilia shuleni kuifuta barua. Maji yalikwisha mwagika. Mkaguzi, mzee wa miwani na tai, alikuwa ameketi nyuma ya darasa, na mwalimu mkuu ubavuni pake.

"Afadhali umekuja, mama," mwalimu mkuu akaninong'oneza. "Leo huyu tunamwondoa."

"Lakini mimi nilikuwa nataka..."

"Shhh!"

Mwalimu Kosa, kijana mwembamba mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, akaandika ubaoni: tisa mara sita, hamsini na sita. Kabla mtoto hajafungua mdomo, mkaguzi akaropoka, "Hamsini na nne, bwana!"

Darasa likalipuka. "Kakamata! Mpeni chaki!" Wakamkokota hadi mbele.

Mzee akakohoa, akarekebisha tai. "Haya. Uzio wa mita kumi, ulionyooka. Nguzo kila baada ya mita mbili, mwanzo hadi mwisho. Kumi gawanya kwa mbili, tano. Nguzo tano. Rahisi."

"Babu, umekosea."

Alikuwa binti yangu. Akaenda ubaoni, akachora nguzo moja moja, akihesabu kwa sauti. Sita.

Sauti thelathini kwa pamoja: "Sema, babu!"

"Nyamazeni!" mwalimu mkuu akafoka.

Mkaguzi akavua miwani. "Ahsante... kwa kunikamata."

Nikaona ni sasa au basi. "Mheshimiwa, barua ile ni yangu. Nilikosea mimi."

Vichwa vyote vikanigeukia. "Sema, mama!"

"Ahsante kwa kunikamata," nikasema, masikio yakiwaka moto. Mwalimu Kosa akajificha nyuma ya kifutio, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Mwalimu mkuu akainama kwa mkaguzi, ambaye sasa alikuwa amejibana kwenye dawati la mbele, magoti karibu na kidevu. "Sasa, mheshimiwa, tunamwondoa?"

"Abaki," mzee akajibu bila kugeuka, mkono wake juu kabisa. Binti yangu alikuwa anaandika kosa jipya ubaoni. "Mimi, mwalimu! Nimeliona! Nichague mimi!"