Kipenzi cha Sanduku la Oksijeni

Wendell alisoma maisha yake yote ili aje kuwa yaya wa wadudu. Usicheke, mimi nilikuwa msaidizi wake. Mtoto wa kereng'ende huishi majini, na ukimweka na wenzake wanalana. Kwa hiyo pale chuoni kwetu Arizona kila mmoja alikuwa na bakuli lake, na sisi watu wazima, na akili zetu timamu, tukiwalisha minyoo kwa kibano, mmoja mmoja.

Zamani za kale, kabla hata ya dinosauri, hewa ilijaa oksijeni, na kereng'ende walikuwa na mabawa mapana kama ya mwewe. Mdudu hana mapafu, anapumua kwa vijibomba vya mwilini. Ndiyo maana watu husema oksijeni tele ilimruhusu kuwa jitu. Wendell alilea kundi moja katika sanduku la hewa ya leo na jingine katika sanduku la hewa ya kale, yenye oksijeni nyingi. Tofauti ikionekana, anapata shahada yake ya udaktari. Isipoonekana, anarudi kwao Yuma kuuza matairi na shemeji yake, na shemeji mwenyewe alishaanza kumshonea sare.

Sharti lilikuwa moja: chakula sawa kwa wote.

"Huyu wa hewa ya kale leo hana raha, Ximena," akaniambia. "Namwongezea mnyoo."

"Wendell!"

"Mmoja tu, dada. Mbona unanitolea macho?"

Alipoota mabawa, kipenzi huyo aliwapita wote kwa ukubwa. Profesa Lindqvist, msimamizi wa Wendell, alimpima, akampima tena, akatabasamu. Kisha akauliza, "Alikula sawa na wenzake?"

Mimi nikaitazama dari. Wendell angesema ndiyo, yangeisha, na moyo wangu ulimwomba aseme ndiyo.

"Nilimwongezea, Profesa."

"Yeye peke yake?"

"Na... wale wa upande wake walionitazama kwa unyonge."

"Yaani wote."

"Karibu wote."

Profesa akavua miwani. "Hongera. Umethibitisha kwamba anayelishwa sana hunenepa. Bibi yangu alilijua hilo, na hakuna aliyempa udaktari. Anza upya, kama utaweza."

Alipotoka, Wendell alilia waziwazi, nami nikamhurumia kweli. Akafungua sanduku, akamtoa kipenzi chake, akamweka kidoleni.

"Angalau wewe unajua nilivyokupenda," akamwambia.

Kereng'ende akamng'ata.